Okidi yenye kiu ndani ya chungu kilicholowa: kisa cha Upanga

Okidi yenyewe ni falenopsisi nyeupe, ile yenye maua mapana yaliyopangana kwenye kikonyo kirefu kilichoinama. Ndo okidi ya chungu inayouzwa sana duniani, na hata hapa Dar ukikuta okidi dukani mara nyingi ni hiyo. Mama mmoja mtu mzima anayekaa ghorofani Upanga aliletewa na mkwewe Desemba kwa ajili ya sikukuu, imefungwa utepe vizuri, imekaa ndani ya chungu cheupe kinachong'aa kisicho na tundu hata moja chini. Ikadumu na maua yake Januari, Februari mpaka Machi, na hapo hakuna cha kushangaza kwa sababu falenopsisi yenye afya inaweza kukaa na maua miezi miwili mitatu bila taabu.

Shida ilianza mwishoni mwa Machi, masika yanakaribia. Majani ya chini yakalegea, yakaanza kukunjamana, ukiyashika hayana tena ule ugumu wake. Mama akafanya kile ambacho mtu mwenye huruma angefanya, akaongeza maji, robo glasi ya kila asubuhi ikawa nusu, na dada wa kazi naye akipita mchana akaona majani yamelala anaongeza kidogo, hakuna aliyemwambia mwenzie. Majani yakazidi kulala. Kwenye grupu la familia mtu akasema hiyo inataka mbolea, ikanunuliwa NPK ya unga ikakorogwa kwa kipimo cha kwenye bustani ya mboga. Jani la chini kabisa likawa njano. Hapo ndo akanipigia, "Mwanangu, hili ua nalinywesha kila siku na bado lina kiu, hebu njoo uliangalie."

Shikamoo nilimpa, ila nilichomuomba hapohapo kwenye simu ni asiongeze hata tone mpaka nifike. Manake maneno yake yalishasema karibu kila kitu. Jani la okidi linalegea pale maji yasipolifikia, na maji hayafiki kwa njia mbili, aidha chungu ni kikavu, aidha chungu kimelowa lakini mizizi ya kuyanywa haipo tena. Kwa juu hizo hali mbili zinafanana kabisa, jani lililokunjamana ni lilelile, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Nimeona okidi nyingi zikifa hapo, sio kwa uzembe, ni kwa kupendwa na mtu anayeangalia majani peke yake.

Nilipofika nilianza na vitu vya juu kwanza, kwa sababu sio kila ugonjwa ni wa mizizi. Nikageuza majani kutafuta vidung'ata, wale wadudu weupe wenye unga wanaojificha kwenye maungio, hamna. Nikabonyeza katikati ya mmea pale jani jipya linapotokea, pagumu na pa kijani, na hiyo ilinipa moyo sana kwa sababu falenopsisi inakua kutokea sehemu hiyo moja tu, pakioza pale mara nyingi ndo imekufa. Nikaangalia ilikowekwa, meza ya tivii, mbali na dirisha, na kiyoyozi kinaipuliza usiku kucha. Hayo yote mawili sio mazuri, mwanga ukiwa hafifu mmea unatumia maji kidogo kwa hiyo chungu kinachelewa kukauka, na huo upepo mkavu unakausha majani, ila hayo peke yake yasingeifikisha hapa.

Halafu nikainua chungu. Kizito mno. Nikachomoa kile cha plastiki cha ndani, na chini ya cha mapambo kulikuwa na maji yamesimama kina cha vidole viwili, yana harufu ya uvundo. Maji yote yaliyokuwa yanamwagwa hayakuwa na pa kutokea, na chungu cha ndani kilikuwa kimekalia maji hayo sijui kwa wiki ngapi.

Ndani ya plastiki ilikuwa mosi, ule mmea mdogo laini kama sponji unaoitwa sfagnamu, uliokaushwa na kushindiliwa. Okidi nyingi za biashara, hasa zinazotoka Taiwan, zinapandwa humo, na mosi hiyo inaweza kushika maji zaidi ya mara kumi ya uzito wake mkavu. Kwa mkulima mwenyewe inafaa, kule kwenye nyumba ya kuoteshea kuna mwanga mwingi, kuna mafeni, na kuna mtu anayejua lini amwagilie na lini aache. Ikishafika kwenye meza ya tivii Upanga ni mambo mengine kabisa. Na kitu kinachowapoteza wengi ni kwamba mosi inakauka juu kwanza, mama akigusa anaona pakavu kweli, hajadanganya, anamwagilia, wakati katikati kumebaki lile donge dogo ambamo mche ulioteshwa ulipokuwa mchanga na halijawahi kutolewa, nilipolikamua kwa vidole lilichuruzika.

Mizizi ya katikati karibu yote ilikuwa imekwenda. Ya kahawia, inabonyea, ukiivuta taratibu ganda lote linachomoka linabaki mkononi na kwenye mmea unabaki uzi mwembamba. Iliyosalia hai ni mitatu iliyokuwa imejibana kwenye ukuta wa chungu na miwili iliyokuwa imetoka nje inaning'inia hewani, hiyo miwili migumu kabisa, rangi ya fedha. Mama akaniambia hiyo ya nje alikuwa anataka kuikata kwa sababu inaharibu muonekano. Nikamwambia mama, hiyo ndo iliyokuwa inaliweka ua hai.

Hapa inabidi nieleze kidogo huu mmea unaishije kwao, bila hivo hatua zilizofuata hazitaeleweka. Falenopsisi asili yake ni misitu ya joto ya Asia, Ufilipino na Indonesia na maeneo ya jirani, na haioti ardhini, inashika gome la mti na kuishi pale juu bila kuunyonya huo mti. Huku kwetu pwani pia zipo okidi za maisha hayo, ile Ansellia yenye maua ya njano na madoa ya kahawia inakaa juu ya miti, hata kwenye mikoche, na sehemu ya mizizi yake imesimama wima hewani inadaka majani makavu yanayoanguka. (Ukiiona iache hukohuko, na kuivusha mpaka bila kibali ni kosa, biashara ya kimataifa ya okidi iko chini ya CITES, mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini.) Hata vanila tunayoijua kwenye chai na keki inatoka kwenye okidi, nayo inapanda miti na mizizi inatokea kwenye shina.

Sasa mzizi wa falenopsisi wenyewe ni mwembamba, ule unene unaouona ni koti la seli zilizokufa linaloitwa velameni, na hilo koti linafanya kazi kama sponji, mvua ikipiga linajaa maji fasta, halafu upepo wa kule juu unalikausha na hewa inarudi. Likiwa kavu linaonekana jeupe la fedha, likilowa linakuwa angavu na unaona kijani cha ndani, kwa sababu mizizi hii ina klorofili na inatumia mwanga. Sasa chukua mzizi wa namna hiyo uuzamishe kwenye mosi iliyoloa wiki baada ya wiki, hewa haiingii, na mzizi bila oksijeni haufanyi kazi na mwisho unakufa. Fangasi na bakteria wanakuja nyuma yake kula kilichokufa na kusogea kwenye kilichobaki. Huo mpangilio ni muhimu sana kuuelewa, kukosa hewa kunatangulia na kuoza kunafuata, ndo maana mtu anapulizia dawa ya ukungu kwenye chungu kilekile, mosi ileile, na mizizi inaendelea kuisha. Na ndo maana ile mitatu ya ukutani ilipona, pale pembeni palikuwa na upenyo wa hewa.

Kulikuwa na jambo la pili ambalo lingenipita kama nisingeuliza, maji yanatoka wapi. Kumbe pale ghorofani siku nyingi wanatumia maji ya kisima, na visima vingi vya maeneo ya karibu na bahari hapa Dar ni maji chumvi, wenyeji wanajua, hata sabuni haitoi povu vizuri. Kwenye ukingo wa chungu cha plastiki kulikuwa na utando mweupe mkavu, na ncha za mizizi hai mbili zilikuwa nyeusi, zimeungua. Okidi haivumilii chumvi. Chumvi ikiwa nyingi nje ya mzizi kuliko ndani, maji hayaingii, na ikizidi yanavutwa kutoka ndani kwenda nje. Na mbolea nayo ni chumvi tu, kwa hiyo ile NPK ya kipimo cha mchicha, juu ya maji ya kisima, juu ya mizizi mitano, nadhani ndo iliyolimaliza lile jani la chini.

Kazi tuliifanyia kwenye baraza, gazeti chini. Mosi yote ikatolewa pamoja na lile donge la katikati, mizizi ikaoshwa kwa maji ya mvua yaliyokuwa yamekingwa kwenye ndoo, mkasi ukapitishwa motoni na kufutwa kwa spiriti, halafu kukata. Kanuni yangu ni kubonyeza, rangi isikutishe, mzizi unaweza kuwa wa kahawia kwa sababu umepakwa rangi na mosi na bado ni mzima, ukiwa mgumu uache, ukibonyea au ukiwa na utupu ndani ukate mpaka ufike sehemu ngumu. Tukabaki na mitano ileile, mmoja wa ukutani ukafupishwa nusu.

Mama alikuwa ameshatoa mdalasini jikoni, ameona video. Mdalasini unakausha, hiyo ndo kazi yake, na ukiumwaga juu ya mizizi unakausha mpaka ile iliyobaki, kwa mmea wenye mizizi mitano siwezi kuruhusu. Kidogo tu kwenye kidonda cha jani, sawa. Haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda, pia aliiuliza, lile povu linafanya mtu aone kazi inafanyika lakini linachoma kibichi na kibovu bila kuchagua. Maji safi, mkasi safi, na kuacha vidonda vikauke kivulini mpaka kesho yake, hamna kingine kilichowekwa.

Palipokuwa pagumu ni kikonyo. Kilikuwa bado na vichipukizi viwili vya maua ambavyo havijafunguka, na mimi nikasema kikatwe. "Hivi viwili si vinafunguka wiki hii mwanangu, uviache tu." Namuelewa kabisa, ni zawadi ya mkwewe. Ila maua yanakunywa, na mmea usio na mizizi unayanywesha kwa kukamua majani yake wenyewe, na hayo majani ndo akiba pekee ya kutengenezea mizizi mipya. Tukaelewana kikonyo kikatwe kiwekwe kwenye chupa ya maji mezani, na kweli kimoja kilifunguka humo, kingine kikakauka.

Kwenye kupandia upya ndo napenda kukaa zaidi, maana hapa watu wa Dar wanahangaika bure. Maelezo mengi yanasema magome ya msonobari, ukiyapata mazuri yatumie, lakini kuyapata sio kila siku, na ukienda vitalu vya barabarani utauziwa udongo wa msitu uliochanganywa na samadi, huo kwa falenopsisi ni kaburi. Tulichotumia ni mkaa na makumbi. Mkaa wa kawaida wa jikoni ambao haujawahi kuwashwa, sio ule wa vumbi lililogandishwa, uvunjwe vipande vya ukubwa wa fundo la kidole gumba, vumbi lichekechwe, uoshwe mpaka maji yatoke meupe. Hauozi, hausongamani, unaacha nafasi za hewa, na kwenye nchi za joto kama Thailand wanaotesha okidi ndani yake siku zote. Ubaya wake haushiki maji mengi na unajikusanyia chumvi taratibu. Makumbi ya nazi yanaziba hilo pengo, yanashika unyevu, ila yana chumvi yake ya asili, kwa hiyo yakatwe vipande yalowekwe siku kadhaa na maji yabadilishwe mara nyingi mpaka yaache kutoka rangi ya chai nzito. Na tafadhali yasiwe yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba, hayo yamelala kwenye maji ya bahari miezi.

Tuliweka mkaa mafungu matatu kwa fungu moja la makumbi. Kwenye nyumba kavu yenye kiyoyozi mchana na usiku ningesogeza iwe nusu kwa nusu, kwenye baraza la pwani wakati wa masika mkaa peke yake unatosha. Chungu kilikuwa kopo la plastiki linaloonyesha ndani, matundu yametobolewa kwa msumari wa moto chini na pembeni, na kidogo kuliko alichotegemea mama. Chungu kinafuata ukubwa wa mizizi iliyopo, majani hayahesabiki, kikiwa kikubwa kinabaki na unyevu usio na wa kuunywa. Ile mizizi ya hewani hatukuilazimisha kuingia ndani. Mmea ukafungwa kwenye kijiti usitikisike, kwa sababu ncha mpya ya mzizi ni laini sana na mmea ukichezacheza inakwaruzwa na mkaa inakufa kabla haijafika popote.

Kulikuwa na wazo la kuufunika na mfuko wa plastiki utunze unyevu. Kwenye nchi za baridi na nyumba zenye hita naelewa, hapa Dar mwezi wa nne hewa yenyewe imelowa, ukifunga mfuko kwenye joto hilo unapika na kuotesha ukungu. Hatukufunika.

Maji sasa. Mama aliuliza mara ngapi kwa wiki na nikakataa kumpa namba, kwa sababu namba ndo ilimfikisha huku. Angalia mizizi kupitia kopo, ikiwa kijani acha, ikiwa ya fedha yote na kopo ni jepesi mkononi, peleka kwenye sinki, mwaga maji yapite kabisa, acha yachuruzike mpaka yaishe ndo urudishe. Asubuhi, na maji yasibaki pale katikati ya majani. Mtu mmoja ndo anamwagilia, na kwa makubaliano ya wote akawa dada wa kazi, ambaye ana jicho zuri kuliko sisi wote, yeye ndo alikuja kugundua mapema kwamba upande wa dirisha mizizi inakauka siku moja kabla ya upande wa pili. Maji ni ya mvua, wakiacha mvua ya kwanza ioshe bati kwanza. Kiangazi yakiisha, yale yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi yanasaidia, hayana chumvi, ila hayana madini pia kwa hiyo mbolea hafifu itahitajika. Mbolea yenyewe isimame mpaka ncha mpya zionekane, baada ya hapo robo ya kipimo cha kwenye pakiti, na katikati maji matupu ya kusafisha.

Tukaihamishia dirisha la mashariki, pazia jepesi mbele. Hili la madirisha naliandika kwa msisitizo kwa sababu ushauri mwingi unaonya jua la dirisha la kusini, umeandikwa na watu wa kaskazini ya dunia. Dar tuko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, Juni jua liko upande wa kaskazini na Desemba linahamia kusini, kwa hiyo dirisha linalounguza linabadilika na msimu. La mashariki linapata jua la asubuhi mwaka mzima, ndo salama zaidi.

Mwezi wa tano wote haikuonyesha kitu, majani yaliendelea kuwa yamekunjamana na lile la njano likadondoka. Niliombwa mara kadhaa nije niongeze dawa, nikasema tuiache. Juni ikatoka ncha ya kijani yenye wekundu kwenye shina, juu kidogo ya mkaa, halafu nyingine upande wa pili. Julai katikati pakachungulia jani jipya. Mikunjo ya majani ya zamani haikuisha yote na sitegemei iishe, jani lililokunjamana sana halirudi kama lilivokuwa, unapima mmea kwa jani jipya na ncha za mizizi.

Kuhusu maua, mama nilimwambia mwaka huu hapana. Falenopsisi inaanzisha kikonyo ikipata ubaridi wa kiasi, chini ya nyuzi 26 hivi kwa wiki kadhaa mfululizo, wakulima wa Taiwan walikuwa wanazipandisha milimani kwa ajili hiyo. Dar ya Januari hata usiku hautoshi. Juni mpaka Agosti usiku unashuka mpaka karibu nyuzi 20 na hapo dirishani panatosha kusaidia, na chumba cha kiyoyozi kinaweza kuongezea, mradi upepo wake usiupige mmea. Watu wa Arusha na Nairobi hapo wanabarikiwa, wao shida yao ni usiku wa Julai kuwa baridi kupita kiasi.

Agosti akanitumia picha ana furaha sana, kuna kitu kimetokea kati ya majani, ni kikonyo? Kikonyo kichanga kina ncha bapa kidogo yenye mikunjo, kinatokea kwenye kwapa la jani na kupinda kuelekea juu. Mzizi una ncha ya mviringo, laini, inang'aa, na unaelekea popote. Yake ilikuwa ya mviringo. Nikamjibu kwamba ni mzizi wa nane, mnene kuliko yote, na asiuguse.